Abee

Nsimire, gesi iliisha Jumanne, nimejaza mtungi.
Mengine ni marefu. Nayaandika hapa
kwa sababu mtandao wa huko Juba
hula nusu ya kila ninachokuambia.

Nabintu ananisahihisha siku hizi.
"Baba, usiseme sombe. Huku ni kisamvu.
Usiseme lengalenga. Ni mchicha."
Anasimama mlangoni, mkono kiunoni,
sketi ya shule imeshuka upande mmoja,
utadhani yule karani wa uhamiaji
aliyeturudishia karatasi mara tatu.

Mwaloni Kirumba nilionyesha beseni la Mama Minza,
nikaomba sambaza.
Wanawake walicheka mpaka korongo wakaruka.
"Dagaa, baba Nabintu! Hao ni dagaa!"
Nikanunua kopo mbili kwa aibu,
na njiani nikalinganisha: ziwa letu na hili,
samaki wale wale wadogo, wenye macho yale yale,
wanaobadilishwa jina mpakani
kama sisi.

Nywele zake, nisamehe. Nilijaribu mistari minne.
Ilikwenda kama njia za mlima huu wa Igogo,
mmoja unazunguka jiwe,
mwingine unaishia kwenye choo cha jirani.
Akajitazama kwenye kioo, akanyamaza,
akavaa kofia ya sweta. Jua la saa sita, kofia ya sweta.
Sasa Jumamosi anasukwa na binti wa Mama Minza,
nami ninalipa kwa kuchomelea vitasa vya mabanda yao.

Byamungu ameota magego mawili.
Ukipiga simu anaona uso wako umekonda kwenye kioo,
basi anachota uji kwa kidole,
anakupaka mdomoni.
Ndiyo maana juzi ulisema hunioni vizuri.
Sikufuta haraka.

Wiki iliyopita Nabintu alileta somo jipya:
ukiitwa, mwanamume huitika naam,
mwanamke huitika abee.
Bukavu tuliitika kwa kugeuza shingo, ikatosha.
Nikafanya mazoezi mbele ya sufuria,
naam, naam, naam,
uji ukafurika ukazima jiko.
Alicheka sana. Nakuandikia hilo
ili ujue kwamba humu ndani watu hucheka.

Sasa hili, ambalo sikukuambia Jumapili.

Byamungu alichemka. Kipimo kilisema malaria,
dozi ya kwanza aliitapika begani kwangu,
ya pili ikakaa.
Usiku umeme ukakatika, simu ikazima mkononi.
Kabla ya giza, wadudu wa ziwa walikuwa wamelijaza dirisha,
wingu zima, wadogo kuliko punje ya ulezi;
niliwasikia wakianguka sakafuni kama mchele unaopepetwa.
Bandarini meli ilipiga honi mara moja.
Nilikaa na kitambaa na beseni,
nikihesabu pumzi zake kwa Kishi, kwa Kifaransa,
kwa Kiswahili cha huku, halafu cha kwetu,
kwa sababu sikujua ni hesabu ipi inayoshusha homa.

Saa tisa akafumbua macho.
"Mama."
Nikamwambia, baba yuko hapa.
"Mama."
Nikatazama simu, nyeusi kama jiwe la nje.
"Mama."

Nsimire, mimi ni mtu wa moto na chuma.
Sauti yangu unaijua, inakwaruza kama tupa.
Niliitoa hiyo hiyo, sina nyingine.
"Abee," nikasema.
"Abee, mwanangu."

Akashika kidole changu, chenye kovu la kuungua,
akalala.

Ndipo nikaona, pembeni, macho mawili yako wazi.
Nabintu. Alikuwa amesikia yote.
Nikangoja anisahihishe.

Alinyoosha mkono,
akachomeka chandarua chini ya godoro,
upande wangu.